Shuka Ambalo Halikuwepo

Wifi yangu alianza kuitwa Sista kabla hajatia hata mguu kwenye nyumba ya masista. Jina hilo walimpa wenzake wa chumba cha kufulia, pale hospitali alipokuwa akifanya kazi. Ulikuwa utani tu, kwa sababu hakujua kusengenya, na kwa sababu kila mwanamume aliyetuma mtu kuulizia habari zake alirudishiwa jibu lile lile: ashukuriwe sana, lakini mimi nina miadi. Miadi na nani, hakusema. Kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa akisema dada yake ana mchumba asiyepokea simu.

Nilipoolewa nilimkuta hapo nyumbani. Tuna vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja chetu, kimoja cha mama mkwe, na yeye alilala sebuleni kwenye kochi refu. Kila asubuhi alikuwa ameshakunja shuka lake na kuliweka pembeni, ungedhani hakuna aliyelala pale. Mimi nilikuja na sanduku moja na woga mwingi, maana nilikuwa nimesikia habari za mawifi. Siku ya kwanza alichukua nguo zangu zote akazipiga pasi, hata vitambaa vya kichwa, akazitundika, halafu akaniambia kwamba sukari huwekwa juu, nisiitafute chini. Basi, ukaribisho wote ulikuwa huo, na ulinitosha.

Kazi yake ilikuwa mashuka. Yanatoka wodini yamejazwa kwenye mifuko mikubwa ya turubai, na kila shuka lina namba ya wodi na ya kitanda pembeni, kwa wino usiofutika. Kwanza yanatengwa. Yenye damu yanaingia maji baridi, maana maji ya moto yanaipika damu kwenye uzi, na hapo ndiyo basi tena. Halafu mashine, halafu kamba, halafu pasi. Kutenga walipokezana, lakini yeye hasa alikuwa mtu wa pasi. Makoti ya madaktari yote yalipita mikononi mwake, na alimjua kila daktari kwa koti lake bila kuijua sura yake: huyu anakula amevaa koti, huyu anatafuna kalamu, huyu ameanza kunenepa lakini hajakubali. Jioni akirudi alitusimulia tukavunjika mbavu, huku ameshamchukua mwanangu kutoka mikononi mwangu bila kuuliza. Hapo ndipo na mimi nilipopata kukaa.

Alichokitaka maishani hakikuwa siri. Alitaka kuwa mtawa. Alitaka kumpa Mungu maisha yake yote, siyo Jumapili peke yake na jioni mbili za kwaya. Mara ya kwanza alikwenda kwa masista akiwa na miaka kumi na minane, wakamwambia bado mdogo, akajifunze kazi ya mikono. Akajifunza kufua. Akarudi ana miaka ishirini na minne. Mwezi ule ule mama mkwe akapooza upande mmoja, na Mama Mkuu wa masista aliposikia akamwambia aende akamuuguze mzazi wake, Mungu hana haraka. Mungu labda hana, lakini masista wana karatasi yao ya masharti, na kwenye karatasi hiyo imeandikwa kwamba hawampokei aliyekwisha kutimiza miaka thelathini. Mama mkwe alichukua miaka mitano kupona sawasawa. Wifi alipoandika barua ya tatu alikuwa amebakiza miezi minne. Safari hii wakimwambia rudi nyumbani, angekuwa amerudi moja kwa moja.

Jibu lilikuja kwenye bahasha ya kaki. Aje Jumamosi saa nne asubuhi, afuatane na ndugu mmoja anayeishi naye, na awe tayari kueleza mbele ya masista watatu historia ya wito wake. Wifi aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena, akanipa.

"Wifi," akaniambia, "mimi sina historia."

Sikumwelewa, ikabidi anifafanulie. Wasichana wote aliowajua waliokwenda utawani walikuwa na kisa. Mmoja alisikia sauti akiwa na homa kali. Mwingine ukuta ulimwangukia, akatoka bila mchubuko. Mwingine baba yake aliacha pombe siku ile ile binti alipoweka nadhiri. Yeye hakuangukiwa na kitu. Wazo lilikuwepo tu tangu zamani, kama mtu anavyojua kwamba anapenda chai isiyo na sukari. Hakukumbuka lilianza lini. Sasa mtu utasimama mbele ya Mama Mkuu useme nini, useme chai?

Mama mkwe aliliona jambo hili kuwa aibu ya ukoo mzima. Alisema haiwezekani mtoto aliyemzaa yeye akose ishara, na akaanza kupekua kumbukumbu zake kama mtu anayetafuta ufunguo. Mwishowe akasema wifi alipokuwa mchanga alikuwa akikataa ziwa siku za Ijumaa. Mume wangu akamuuliza Ijumaa ngapi. Mama mkwe akafikiri, akasema mbili.

Mume wangu huandika mabango ya maduka, na alilichukua jambo lote kama kazi imemfikia: bango liko tayari, rangi iko tayari, kilichokosekana ni maneno. Kule hospitali nako habari ilishaenea. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mmoja mnene anayeongea kwa sauti ya kushindana na mashine, alimshauri aseme ameona nuru ndani ya pipa la maji ya moto. Mwenzake mwingine akamwambia asijisumbue na maneno, aingie analia tu, mtu akilia hawamuulizi maswali.

Mpaka Alhamisi ndoto ilikuwa imekamilika. Ndoto ya kutungwa, namaanisha. Mama mkwe ndiye aliyeiota akiwa macho, mume wangu akairekebisha lugha, maana yeye ndiye mtu wa maandishi. Wifi alikuwa amelala, akaona uwanja mpana na kamba ndefu, na juu ya kamba limeanikwa shuka moja jeupe. Upepo hakuna, lakini shuka likatikisika, na kutoka nyuma yake ikatoka sauti ikimwita kwa jina lake mara tatu. Walichagua shuka kwa sababu yeye ni mtu wa mashuka, itaingia akilini.

Mimi nilikuwa nanyonyesha, sikuchangia neno. Nakiri pia kwamba upande mmoja wa moyo wangu haukuwa na haraka ya kumsaidia. Akikataliwa angebaki. Na akiondoka, jioni ile saa ambayo mtoto analia, sufuria inachemka na mama mkwe anaita, nani angefungua mlango?

Alijikaza kisabuni, akafanya mazoezi. Alikuwa akipiga pasi shati la kaka yake huku anatamka maneno ya ndoto kwa sauti ndogo, na kila alipofika kwenye ile sauti ya nyuma ya shuka, mkono ulisimama. Ijumaa jioni ulisimama kupita kiasi. Tulinusa moshi kwanza, halafu tukaona kola ya shati ina alama ya kahawia yenye ncha ya pasi. Miaka kumi ya kazi, hajawahi kuunguza hata leso. Mume wangu akalinyanyua shati, akalitazama pande zote, akasema hiyo sasa ndiyo ishara yenyewe, aende nalo shati wakalione. Tulicheka sote isipokuwa wifi.

Jumamosi tulikwenda kwa miguu, yeye na mimi, mwanangu mgongoni. Njia nzima alikuwa anatembea mbele yangu kidogo, midomo inacheza. Nyumba ya masista iko nyuma ya ukuta mrefu wa matofali. Tulikaribishwa kwenye chumba chenye meza ndefu na viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma. Sakafu ilikuwa imesuguliwa hadi mwanangu, nilipomshusha, akaona uso wake humo akausalimia.

Masista walikuwa watatu kama barua ilivyosema. Mama Mkuu, mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Sista mlezi, yule anayewalea wasichana wapya, ana daftari. Na wa tatu alikuwa ajuza mdogo kabisa ambaye miguu yake haikufika sakafuni, amefumba macho, mikono ameilaza mapajani. Niliitazama ile mikono. Ngozi ilikuwa imekwajuka na kupauka kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, na kucha zimelika. Mikono kama hiyo nilikuwa naiona kila jioni nyumbani kwangu. Nilitaka kumgusa wifi nimwonyeshe, lakini alikuwa ameshaambiwa aanze, na alikuwa anatazama ukuta kama mtoto anayesoma shairi shuleni.

Akaanza vizuri. Uwanja mpana, kamba ndefu, shuka moja jeupe. Sista mlezi akawa anaandika. Alipofika mahali shuka linatikisika, yule ajuza akafumbua jicho moja.

"Shuka hilo lilikuwa limeanikwa kwa urefu au kwa upana?"

Wifi akageuka. Hilo halikuwa kwenye maneno aliyoyashika. "Kwa upana, Sista," akasema. "Vibanio vinne."

"Limekauka?"

"Nusu."

"Pindo la chini limekauka au la juu?"

"La juu limekauka. La chini bado lina maji."

Ajuza akafumbua na jicho la pili. Akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia, kama kweli shuka la pamba lenye maji kwenye pindo la chini linaweza kutikisika mahali pasipo na upepo.

Nilimwona wifi anafikiri. Siyo kufikiri namna ya kujinasua, la, alikuwa analifikiria shuka. Uzito wake, maji yake, jinsi linavyoning'inia. Mwongo yeyote angesema ilikuwa ndoto, na kwenye ndoto kila kitu kinawezekana. Lakini huyu alikuwa ameulizwa swali la kazi yake, na kwenye kazi yake hakuwa na jibu la uongo.

"Halitikisiki, Sista," akasema. Halafu akashusha pumzi. "Hilo shuka halikuwepo."

Kalamu ya sista mlezi ikasimama. Mama Mkuu akavaa miwani.

"Kwa hiyo umekuja kutudanganya?"

"Ndiyo, Mama Mkuu. Nilikuwa nimeanza."

Mwanangu alikuwa amefika chini ya meza na anafungua kamba za viatu vya sista mlezi, nami nikashindwa hata kumvuta. Mama Mkuu akauliza, basi wito wenyewe, ule wa kweli, ni upi. Wifi hakuutazama ukuta tena.

"Sina, Mama Mkuu. Mimi sikuitwa. Wenzangu wameitwa, na nawaamini. Mimi nimepiga hodi tu. Ya kwanza mkaniambia nikajifunze kazi, nikajifunza. Ya pili mkaniambia nikamuuguze mama, amepona, sasa anafika sokoni na anagombana na watu. Hii ni ya tatu. Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, anaondoka, na mimi nitaondoka bila kununa. Lakini siwezi kusema niliitwa."

Ajuza alikuwa amefumba macho tena. Ndipo Mama Mkuu akanigeukia mimi, akasema barua ilitaka ndugu anayeishi naye kwa sababu ndugu huyo naye ana zamu yake. Nimwelezee wifi yangu ni mtu wa namna gani.

Sikuwa nimeandaa kitu. Na nilijua vizuri kwamba nikisema ni mtu mwema, anapenda watoto, basi, ingetosha kuonekana nimesema, na pengine jioni ya siku ile ile tungerudi naye nyumbani. Lakini nilikuwa na jambo nililoliona, ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Nikasema. Siku moja alisahau chakula chake, nikampelekea kazini. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula, na ilikuwa zamu yake ya kutenga. Alikuwa peke yake na rundo la mashuka machafu lililomfika kifuani. Aliinua moja, akaangalia namba pembeni, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu: "Bwana, huyu wa wodi ya tatu, kitanda cha kumi na moja, ametapika mpaka hana kitu tumboni, mshike." Akalitia kwenye pipa lake. Akainua jingine: "Huyu wa kitanda cha saba ni mtoto, amekojoa vizuri leo, asante." Akalitia kwenye pipa. Akaendelea hivyo, shuka kwa shuka. Hakuna aliloliruka, hata yale ambayo mimi nilifunga pua kuyatazama. Niliweka chakula kizingitini nikarudi. Nilikwenda tena siku nyingine mbili makusudi, nikasimama pale pale mlangoni, na ilikuwa vile vile.

Nilipomaliza, wifi alikuwa ananitazama kama nimemfungulia sanduku lake mbele za watu. Sista mlezi hakuwa ameandika hata neno moja, na viatu vyake vyote viwili vilikuwa wazi.

Tuliambiwa tusubiri nje, kwenye benchi la barazani. Msichana mmoja akatuletea maji. Wifi hakunilaumu wala hakunishukuru. Alisema tu kwamba yule wa kitanda cha kumi na moja alipona, alirudi kwao. Halafu akainama kumtafutia mwanangu kiatu kilichokuwa kimedondoka chini ya benchi, na alikuwa bado ameinama hapo mlango ulipofunguliwa na Mama Mkuu akasimama kizingitini.

"Karibu," akasema Mama Mkuu.

"Tumeshakaribia, Mama Mkuu," akajibu wifi kutoka chini ya benchi, kwa mazoea, akiendelea kupapasa.

Mama Mkuu akangoja. Wifi akapata kiatu, akakikung'uta vumbi. Ikabidi nimfinye.

"Umesema umepiga hodi tatu," Mama Mkuu akamwambia. "Sasa nimekujibu. Au unataka nikuandikie barua?"

Wifi akakaa chini, pale pale sakafuni, na kiatu cha mtoto mkononi. Yule ajuza naye alikuwa amejikokota mpaka mlangoni. Akatuambia yeye alikuja miaka hamsini na mbili iliyopita kumsindikiza binamu yake tu, abebe sanduku. Binamu alikaa wiki mbili akaondoka. Yeye wakamsahau kwenye chumba cha kufulia. Sijui kama ilikuwa kweli au na yeye alikuwa anatia chumvi, lakini Mama Mkuu alicheka, na mimi ndipo nikaanza kulia.

Aliondoka baada ya wiki sita. Msimamizi wa chumba cha kufulia aliagana naye kwa kilio kilichosikika hadi wodi ya wazazi. Wiki ya kwanza nilipakua chakula cha watu wanne na mtoto, halafu nikarudisha sahani moja. Mume wangu, ambaye hakuwahi kujua mtoto wake anabembelezwaje, alianza kujifunza. Anambeba kama ndoo ya rangi iliyojaa, lakini anambeba.

Baada ya miezi mitatu tukaruhusiwa kwenda kumwona, sote wanne tukimhesabu na mtoto. Tulipofika getini mume wangu akaomba kuonana na Sista, akataja jina tunalomwita nyumbani. Msichana wa getini akasema hapana Sista kama huyo. Kumbe wapya hawaitwi Sista mpaka ipite miaka. Humo ndani alikuwa anaitwa kwa jina lake tupu, la ubatizo, ambalo kwetu halikutumika siku nyingi hadi mama mkwe alilazimika kutukumbusha. Kwa hiyo dada yake aliyeitwa Sista na mji mzima alikuwa amefika mahali pekee ambapo hakuna anayemwita hivyo. Mume wangu alikwenda na hilo mpaka barazani, anacheka peke yake.

Wifi akatokea mbio, amefunga kitambaa kichwani, mabuti ya mpira miguuni, na harufu iliyomtangulia. Hatukuhitaji kuuliza, lakini mama mkwe akauliza. Walimpa nguruwe. Fundi wa pasi wa hospitali nzima, wamempa nguruwe tisa. Alisema hajui lolote juu ya nguruwe na nguruwe wenyewe wameshagundua. Wamemwangusha mara mbili. Kwenye kufulia kuna msichana aliyekulia shambani, anayepausha kila kitu rangi, na ajuza anamwombea. Mama mkwe akataka kujua kama hili ni kosa la ofisi, akazungumze na Mama Mkuu. Wifi akamshika mkono, akamwambia, mama, tulia, nimefika.

Alimpakata mwanangu, mabuti na harufu na vyote. Alikula mkate wote niliomletea. Kisha akaanza kutusimulia habari za yule nguruwe jike mkubwa, mwenye sikio lililochanika, mkorofi kuliko wote, ambaye alimsumbua tangu siku ya kwanza. Akainama karibu, macho yanameremeta, kama enzi zile za makoti ya madaktari.

"Basi jana," akasema, "nimeingia na ndoo, namwangalia, kumbe ame—"

Kengele ikalia. Wifi akafunga mdomo. Hakumalizia hata neno. Akanirudishia mtoto, akatugusa mabega mmoja mmoja, akaondoka kwa mwendo wa haraka usiokuwa mbio, mabuti yanapiga sakafu, na hakugeuka. Mume wangu akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Akasema huyu ndiye aliyesema hajaitwa, na sasa anaitwa mara saba kwa siku.

Njiani kurudi tulibishana. Mume wangu alisema yule nguruwe amekufa. Mama mkwe alisema akome, amezaa, mkorofi wa namna ile lazima alikuwa na mimba. Mume wangu akasema basi ametoroka. Mama mkwe akasema angekuwa ametoroka binti yake asingekuwa na furaha vile. Tulipofika mahali ukuta wa matofali unapoishia bado walikuwa wanaorodhesha yote ambayo nguruwe anaweza kuyafanya, na mama mkwe akasimama akataka turudi getini tukaulize. Tukamkumbusha kwamba siku ya kutembelea ni baada ya miezi mitatu mingine. Akahesabu kwa vidole. Akasema amengoja makubwa kuliko hayo, akashika mkono wa mwanawe, tukaendelea kutembea.